Bibi Merian na Viwavi wa Bustanini

Kila mwenye bustani nyumbani kwake, hata ikiwa ni mlimau mmoja tu nyuma ya jiko, amepata kuonana na viwavi. Asubuhi hutoka kwenda kuchuma malimau, akakuta majani machanga yameliwa, na kilichobaki ni vijiti vitupu. Akitazama kwa karibu huona juu ya jani kitu kidogo mfano wa mavi ya ndege, cheusi chenye waa jeupe. Aghalabu hukipangusa kwa kijiti na kukisaga kwa kiatu, kisha hurudi ndani akiona kwamba amekwisha iokoa mali yake.

Lakini kile si mavi ya ndege. Ni mdudu mwenye uhai, ambaye sura hiyo ni ngao yake, kwa kuwa ndege hawadonoi mavi yao wenyewe. Akiachwa atajivua ngozi mara kadhaa, na mwishowe atageuka kuwa wa rangi ya kijani kama jani lenyewe. Ukimgusa hapo, nyuma ya kichwa chake hutokeza pembe mbili laini za rangi ya chungwa lililoiva, na harufu kali huenea. Baadaye hujifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba, akatulia kama aliyekufa. Siku zikipita, ganda hupasuka, akatoka kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoadoa ya manjano, ambaye kila mtu wa Afrika ya Mashariki amewahi kumwona akirukaruka juu ya maua.

Mambo haya leo hufundishwa watoto shuleni, na kwa sababu hiyo twayaona kuwa mepesi. Walakini hayakuwa mepesi sikuzote. Palikuwa na watu waliosoma vitabu vingi, wakajua Kilatini na Kiyunani, lakini hawakujua kiwavi atokapi. Na miongoni mwa waliowaondolea watu ujinga huo alikuwa mwanamke mmoja ambaye hakuingia chuo kikuu chochote. Chuo chake kilikuwa bustani, na walimu wake walikuwa viwavi. Jina lake ni Maria Sibylla Merian, na habari zake ndizo nitakazowasimulia leo.

Kwanza yafaa tujue watu wa zamani walifikiri nini. Aristotle, mwanafalsafa mkuu wa Wayunani, alijua kwamba kiwavi hugeuka kuwa kipepeo, maana alikuwa mtu wa kutazama. Lakini juu ya asili ya wadudu aliandika kwamba baadhi yao hawazaliwi na wazazi, bali hutokana na umande uangukao juu ya majani, wengine na matope, wengine na vitu vilivyooza. Neno lake lilishikwa kwa karibu miaka 2000. Mtu alipoona funza katika nyama alisema nyama imezaa funza. Alipoona viwavi juu ya kabichi alisema kabichi imezaa viwavi. Wadudu wakahesabiwa kuwa viumbe duni, visivyostahili kushughulisha akili ya mtu mwenye heshima.

Katika karne ya 17 mawazo hayo yalianza kutikisika. Mwaka 1668 mganga mmoja wa Italia, Francesco Redi, alitia nyama katika vyombo, vingine akaviacha wazi na vingine akavifunika kwa kitambaa chepesi. Funza wakaonekana tu mahali ambapo nzi waliweza kufika na kutaga mayai. Mwaka uliofuata, 1669, Mholanzi Jan Swammerdam alitoa kitabu juu ya wadudu. Naye alionyesha kwa kisu na kioo cha kukuzia kwamba viungo vya kipepeo huanza kuonekana chini ya ngozi ya kiwavi aliyekwisha komaa. Hawa wawili walikuwa wataalamu wenye elimu ya uganga. Lakini miaka 8 kabla ya kitabu cha Redi, binti mmoja wa miaka 13 katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, alikuwa amekwisha anza kazi yake mwenyewe.

Maria Sibylla alizaliwa Frankfurt tarehe 2 Aprili 1647, mwaka mmoja kabla ya kwisha vita vile vya miaka 30 vilivyoiharibu nchi ya Wajerumani. Baba yake, Matthäus Merian, alikuwa mpiga chapa na fundi mashuhuri wa kuchora juu ya mabamba ya shaba. Picha zake za miji ya Ulaya zilijulikana sana. Alifariki mwaka 1650, binti yake akiwa mtoto wa miaka 3. Mama yake akaolewa na Jacob Marrel, mchoraji wa maua. Baba huyu wa kambo ndiye aliyemfundisha kushika kalamu na brashi. Basi binti alikua katika nyumba yenye harufu ya rangi na wino, akiona kila siku maua yaliyoletwa ndani ili yachorwe. Na palipo maua hapakosi wadudu.

Mwaka 1660 alianza kufuga viwavi wa hariri. Viwavi hawa hula majani ya mforosadi, na katika nchi nyingi watu huwafuga kwa ajili ya nyuzi zao. Aliwalisha, akawatazama wakijivua ngozi, wakijisokotea vifukofuko, na hatimaye wakitoka wakiwa nondo weupe. Kisha, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, alitambua kwamba viwavi wengine wa kawaida hutoa vipepeo na nondo wazuri kuliko wale wa hariri. Ndipo akaanza kukusanya kila kiwavi aliyeweza kumpata, ili aone mageuzi yake. Kwa ajili ya kazi hiyo alijitenga na mazungumzo ya watu, akakaa na wadudu wake.

Tukumbuke kwamba huyu alikuwa msichana. Vyuo vikuu vya siku zile havikuwapokea wanawake, na vitabu vya elimu viliandikwa kwa Kilatini. Alilokuwa nalo ni macho, subira, na mkono uliozoea kuchora. Hakumngoja mtu ampe ruhusa ya kutazama jani.

Mwaka 1665 aliolewa na mchoraji Johann Andreas Graff. Alizaa mabinti wawili, Johanna Helena mwaka 1668 na Dorothea Maria mwaka 1678. Familia ilihamia Nürnberg, mji wa mumewe. Huko aliwafundisha mabinti wa watu wenye mali kuchora na kutarizi. Aliuza rangi na vitambaa vilivyochorwa. Tena alikuwa na bustani ya kutunza. Ilimpasa kuwa mke, mama, mwalimu na mchuuzi, na katikati ya kazi hizo zote aliwatunza viwavi.

Nao kuwatunza si mchezo. Kiwavi hali kila jani. Wengine hupenda mmea mmoja tu, na ukiwanyima huo watakufa kwa njaa katikati ya majani ya namna nyingine. Kwa hiyo aliyetaka kumwona kiwavi akigeuka ilimpasa kwanza ajue amemtoa juu ya mmea gani, kisha amletee majani mabichi ya mmea ule ule kila siku, ampanguzie uchafu wake, asimwache kwenye unyevu mwingi wala ukavu mwingi. Na baada ya hayo yote, huenda kiwavi akafa, na mtunzaji akalazimika kungoja mwaka mwingine majira ya viwavi yarudi. Merian aliandika katika daftari lake siku alipompata kila mdudu, alichokula, siku alipolala katika ganda na siku alipotoka, na kando ya maneno akabandika picha ndogo alizozichora juu ya ngozi laini ya ndama. Daftari hilo alilianza ujanani, akaliendeleza kwa miaka mingi ya maisha yake.

Mwaka 1679 akatoa kitabu chake cha kwanza juu ya viwavi. Jina lake kwa lugha yetu ni kama kusema, Mageuzi ya ajabu ya viwavi na chakula chao cha maua. Kilikuwa na picha 50, na sehemu ya pili ilifuata mwaka 1683. Maneno yake hayakuwa ya Kilatini bali ya Kijerumani, ili hata mwenye bustani na mama wa nyumbani aweze kuyasoma. Picha ya kwanza ilikuwa ya kiwavi wa hariri juu ya mforosadi, yaani pale pale alipoanzia yeye mwenyewe akiwa mtoto.

Sasa tufahamu kitabu hiki kilileta jambo gani jipya. Waliomtangulia walikuwa wamechora wadudu. Johannes Goedaert, mchoraji wa Middelburg katika Uholanzi, alikuwa ametoa vitabu vyenye picha za kiwavi, ganda lake, na kipepeo wake. Lakini aliwachora kana kwamba wanaelea hewani, bila mmea na bila yai. Merian alichora mmea katikati ya ukurasa, na juu ya mmea huo akaweka mayai, kiwavi, ganda, na kipepeo au nondo mwenyewe, kila mmoja mahali pake. Jani lililotobolewa alilichora na matundu yake. Kwa ukurasa mmoja mtazamaji alifahamu mambo mawili kwa pamoja: kwamba maisha ya mdudu ni duara lianzialo katika yai, wala si katika umande, na kwamba duara hilo haliwezi kuzunguka pasipo mmea wake.

Pengine twaweza kudhani kwamba hili ni jambo dogo. Sivyo. Leo iko elimu nzima ya kuchunguza jinsi viumbe vinavyotegemeana, mnyama na mmea, mwindaji na mwindwa. Wataalamu wengi wa elimu hiyo humhesabu Merian kuwa miongoni mwa watangulizi wao, ingawa jina la elimu yenyewe halikutungwa mpaka karne ya 19. Yeye hakutafuta kuanzisha elimu mpya. Alitaka tu kuchora ukweli mzima, asiukate vipande.

Tena hakuficha yaliyomshangaza. Mara nyingine, baada ya kungoja kwa majuma, ganda lilipasuka, na badala ya kipepeo wakatoka wadudu wadogo wenye mabawa kama ya nzi. Mambo hayo yalikuwa yamewatatiza wengi, maana yalionekana kama kwamba kiwavi mmoja aweza kuzaa viumbe vya namna mbili. Leo twajua kwamba kuna nyigu wadogo, na nzi wa aina fulani, ambao hutaga mayai juu ya kiwavi au ndani ya mwili wake; watoto wao humla angali hai, kisha hutoka wao badala yake. Wakulima wa siku hizi huwaona kuwa rafiki, kwa sababu hupunguza viwavi waharibifu. Merian aliwachora wadudu hao pia pamoja na viwavi walimotoka. Mchoraji wa kupamba kuta angeliwaacha, kwa kuwa wanaharibu uzuri wa hadithi. Lakini mtazamaji mwaminifu huandika alichokiona, hata kikimvunjia matumaini yake.

Baadaye maisha yake yalipatwa na mageuzi. Baba yake wa kambo alifariki mwaka 1681, naye akarudi Frankfurt kumsaidia mama yake. Ndoa yake ikalegea na mwisho ikavunjika. Kwenye mwaka 1685 alikwenda pamoja na mama yake na mabinti zake kukaa Wieuwerd, kaskazini ya Uholanzi, kati ya Wakristo walioishi kwa ushirika wa mali na kuepuka anasa za dunia. Mama yake alifariki huko mwaka 1690, na mwaka uliofuata Merian akahamia Amsterdam pamoja na mabinti zake, akajipatia riziki kwa kuchora.

Amsterdam wakati ule ilikuwa bandari kubwa ya biashara. Merikebu zilileta kutoka mbali makombe, ndege waliokaushwa, na vipepeo wenye rangi zisizoonekana Ulaya. Matajiri waliviweka katika makabati na kuwaonyesha wageni. Merian aliyaona makusanyo hayo, akiwemo kwa Nicolaes Witsen, mmoja wa wakuu wa mji, na kwa mganga Frederik Ruysch. Aliyasifu; lakini alieleza baadaye kwamba alikosa kuona humo jambo moja, nalo ni asili ya wadudu wale na jinsi wanavyogeuka kutoka hali ya kiwavi. Walikuwa vipepeo waliokufa, wamechomwa sindano, wasio na yai, wasio na jani, wasio na nchi. Kwa mtu aliyekwisha jua bustani, hiyo ilikuwa nusu ya habari tu.

Basi mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, aliuza picha zake nyingi ili apate nauli, akapanda merikebu pamoja na binti yake mdogo, Dorothea Maria, kwenda Suriname, koloni la Waholanzi katika Amerika ya Kusini. Safari kama ile wakati ule ilikuwa ya hatari hata kwa wanaume wenye nguvu. Na mwanamke kuifanya kwa gharama yake, kwa sababu ya viwavi, lilikuwa jambo ambalo halijasikika.

Huko Paramaribo alipata nyumba yenye bustani, akaanza upya kazi ile ile ya utoto wake: kutafuta, kulisha, kungoja, kuchora. Alichora viwavi juu ya mpera, juu ya nanasi, juu ya muhogo, mimea ambayo asili yake ni Amerika, na ambayo sisi wa Afrika ya Mashariki leo twaiona kama yetu wenyewe tangu zamani. Wenye mashamba wa Suriname hawakujali ila miwa. Yeye mwenyewe aliandika kwamba walimcheka kwa sababu alitafuta kitu kingine katika nchi ile kisichokuwa sukari.

Hapa haifai kupita upesi, kwa maana sukari ile ilikuwa na gharama yake. Mashamba yalilimwa na watumwa, Waafrika waliovushwa bahari kwa nguvu, na wenyeji wa asili wa nchi pia walitumikishwa. Merian naye alihudumiwa na watumwa. Hao ndio waliomtangulia msituni na mashoka wakimfungulia njia, nao ndio waliomletea viwavi na kumweleza matumizi ya mimea. Bila wao kitabu chake kisingalikuwapo. Yeye alikubali kwamba aliyapata kwao maarifa mengi. Lakini majina yao hakuyaandika. Hata mwanamke mmoja wa wenyeji aliyerudi naye Amsterdam, hatumjui kwa jina lake.

Hata hivyo kuna ukurasa mmoja alioandika ambao hausahauliki. Alipochora ule mti mdogo wenye maua mekundu na manjano, ambao siku hizi hupandwa kuwa pambo katika bustani nyingi za mwambao wetu pia, aliandika pamoja na habari za kiwavi wake maneno aliyoambiwa na wanawake watumwa. Walimweleza kwamba wanawake waliotendwa vibaya na mabwana zao walitumia mbegu za mti ule kuharibu mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Vitabu vya wenye mashamba vilihesabu mapipa ya sukari. Kitabu cha viwavi ndicho kilichotunza ushahidi wa wanawake wale. Hii ndiyo tabia ya jicho lililozoea kutazama vizuri: lilianza na jani na mdudu, likafika hata kwenye machozi ya mwanadamu.

Hali ya hewa na maradhi vilimshinda, akalazimika kuondoka mwaka 1701, kabla ya muda aliokusudia. Mwaka 1705 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya mageuzi ya wadudu wa Suriname, chenye picha 60, kwa Kilatini na kwa Kiholanzi. Alifariki Amsterdam tarehe 13 Januari 1717. Mwaka ule ule picha zake nyingi zilinunuliwa kwa ajili ya Tsar Peter wa Urusi, na Dorothea Maria pamoja na mumewe wakahamia St. Petersburg. Daftari lile la viwavi limehifadhiwa katika mji huo, na mwaka 1976 lilipigwa chapa ili watu wengine waweze kulisoma. Na Linnaeus, yule Mswidi aliyeviwekea viumbe utaratibu wa majina katika karne ya 18, alizitumia picha za Merian alipotaja wadudu wengi wa nchi za joto.

Je, hakukosea? Alikosea. Alimwandika mdudu mmoja wa Suriname mwenye kichwa kirefu kuwa hutoa mwanga usiku kama taa, na jambo hilo si kweli. Baadhi ya viwavi wa kitabu cha Suriname hawakuunganishwa na kipepeo aliye wao hasa. Lakini kuna makosa aliyosingiziwa. Alimchora buibui mkubwa akila ndege mdogo, na katika karne ya 19 wako wataalamu waliomcheka, wakisema ni hadithi tupu. Ndipo Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa miaka 11 katika nchi za mto Amazon, akaandika katika kitabu chake cha mwaka 1863 kwamba amemkuta buibui wa namna hiyo pamoja na ndege wadogo aliowakamata. Heshima yake ilirudi polepole. Mwaka 1992 Ujerumani ilitoa noti ya marki 500 yenye sura yake, nayo ikatumika mpaka fedha ya Euro ilipoingia mikononi mwa watu mwaka 2002.

Mabibi na mabwana, sikuyasimulia haya ili tumsifu mtu wa mbali halafu tuendelee kupangusa majani yetu bila kuyatazama. Funzo lake latuhusu. Merian hakuhitaji kusafiri ili aanze. Alianza na kiwavi wa nyumbani. Na hata sasa, pamoja na maendeleo yote ya elimu, wako wadudu wengi wa Afrika ambao hatujui kiwavi wao yukoje wala hula jani gani. Habari kama hizo hazipatikani kwa vyombo vya thamani tu. Hupatikana kwa mtu akaaye mahali pamoja, na kutazama mmea mmoja siku baada ya siku.

Basi mwenye mlimau na auachie tawi moja. Mti uliokomaa hautakufa kwa majani machache. Au achukue kiwavi mmoja pamoja na tawi lake, alitie tawi katika chupa ya maji yenye mdomo uliozibwa kwa pamba ili mdudu asizame, na kulifunika kwa kitambaa chepesi kipitishacho hewa. Majani ya mlimau ule ule yabadilishwe kila siku. Na kando yake pawe na daftari: leo amepatikana, leo amejivua ngozi, leo amejifunga kwenye kijiti, leo ametoka. Akitoka nyigu badala ya kipepeo, iandikwe hivyo hivyo. Na ikiwa ni mtoto wa jirani, au bibi kizee, au mtumishi aliyekuonyesha ni jani gani kiwavi yule hula, jina lake pia na liandikwe. Tusiliache kosa lile lirudiwe.

Yuko kipepeo mwingine wa bustani zetu, wa rangi ya chungwa mwenye ncha za mabawa nyeusi na nyeupe, ambaye viwavi wake hula magugu yenye utomvu mweupe. Twayang'oa magugu hayo bila kufikiri, kisha twauliza vipepeo wamekwenda wapi. Jibu liko katika picha za Bibi Merian, katikati ya kila ukurasa: penye jani lililoliwa ndipo penye bawa. Mtu akitaka kipepeo, hana budi kumstahimili kiwavi.